Chumba cha Mama Mukwe

Kasongo, siku ya tatu ya juma

Mununuzi amesema wazi leo: chumba cha nyuma hakiko kwa karatasi za parsele, yaani za kiwanja chetu, tukibomoe kwanza, ndipo anunue nyumba. Marehemu bwana yangu alikijenga mbio mbio, bila kuomba ruhusa kwa serikali, wakati mama yake alikimbia vita kule Wamaza.

Nimekubali. Tusipouza, mutoto wangu Zaina hatapasuliwa mguu. Lakini mama mukwe angali analala mule.

Alisikia yote. Niliogopa hata kumuangalia.

«Mukamwana, usilie,» akasema. «Nyumba ya Wamaza niliiacha inaungua. Hii angalau nitaiaga.»

Sasa ninamusikia kule nyuma. Kesho wanabomoa, naye anapakaa chini udongo mupya, kama vile mugeni anakuja.