Sala ya Mama Ng'washi

Mwanza,
10 Mei 1962

Dada yangu Bernadeta,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta mzima huko Bukoba, wewe, shemeji na watoto, na kwamba kile kikohozi kimekuachia. Mimi sijambo, ila usingizi ndio sipati. Ziwa limepanda mno, dada. Kirumba maji yamefika vizingitini, na asubuhi ukungu ukishuka huoni nchi kavu inaishia wapi. Mitumbwi inapita kati ya nyumba kimyakimya, nami naenda kazini kama mtu anayeota.

Kazi ni ileile ya ukarani wa halmashauri ya mji: kuandika kila linalosemwa kikaoni na kulisoma kwa sauti kikao kinachofuata. Wajua vikao vyetu hufunguliwa kwa sala, mara hii padre, mara ijayo shehe. Juzi Jumanne padre alikwama safarini na shehe anaumwa, basi Mwenyekiti, Bwana Makame, akasema diwani yeyote aliye tayari atuombee. Akainuka Mama Ng'washi, diwani wa Kirumba, ambaye nyumba yake mwenyewe imo majini.

Hakufumba macho. Alichukua bilauri ya Mwenyekiti, akapiga funda, akayapuliza maji taratibu kuelekea dirisha la upande wa ziwa, kisha akasema Kisukuma kwa sauti ya chini. Jamani, ukumbi ulitulia! Nilisahau kuandika.

Halafu, kabla hajamaliza, likazuka zogo. Bwana Makame alisema ule ni uganga, tena bibi anaiapiza halmashauri. Mama Ng'washi akajibu kwamba miezi yote ameinamia sala za wenzake bila kumwambia mtu kuwa si sala, akauliza kama Uhuru wa Desemba uliishia mlangoni kwake. Loh, bibi yule! Hapo madiwani wengine wakataka avuliwe udiwani. Mwenyekiti akanigeukia mimi, mtoto wa Usukumani, akaniuliza amesema nini.

Nikajibu sijui. Nikasema nimelelewa misheni, Kisukuma changu ni cha kuombea chumvi tu. Mama Ng'washi alinitazama. Wakamtoa nje, na kikao kijacho watapiga kura.

Dada, nakuungamia wewe kwanza, padre baadaye. Nilielewa kila neno. Aliwaomba waliotutangulia watupoze, wapoze nyumba na watoto, maji yarudi mahali pake. Ni maneno ya mama yetu! Yaleyale ya alfajiri mlangoni, akitupulizia maji usoni kabla ya shule, nasi tukijifuta njiani masista wasione. Jumanne nimejifuta tena, na mtu mzima mimi. Naona aibu.

Kikao ni tarehe 22. Nimeshaipiga chapa sala yake, na uongo wangu chini yake, nami nitasoma hata wakininyang'anya kazi. Ila mwisho wake sikuusikia, zogo lilikuwa limeanza, na utotoni nilikuwa nakimbia kabla mama hajamaliza. Wewe ulikuwa unasimama hadi mwisho. Niandikie alimaliziaje, barua iwahi meli ya wiki ijayo.

Msalimu shemeji, na watoto waambie mama yao mdogo anawawaza.

Mdogo wako akupendaye,
Justa