Kizimba Nilichokiosha

Jumatatu, 3 Machi
Kliniki na binti yangu, kumpima uzito Bosi. Ndilo jina nililompa mjukuu: ana miezi tisa na sote tunamtumikia. Kwenye foleni nikasoma kuta, kama kawaida yangu. Tangazo jekundu: vizimba vya kuchezea watoto vinaondolewa sokoni. Reli ya juu hukunjika katikati. Mtoto akiegemea, hunaswa shingo. Wawili wamekufa. Na picha ni ya kizimba chetu! Wavu wa buluu, vitufe vyekundu. Binti akasema nisimpandishe presha, chetu ni imara. Chetu — kana kwamba kifo huuliza mwenyewe ni nani.

Jumanne, 4 Machi
Binti kazini. Bosi nimemketisha kwenye zulia, nikaegemeza kiwiko juu ya reli. Imeshika. Mara ya pili, imeshika. Mara ya sita — ka! — ikajikunja kama mkasi. Kiwiko kimevimba. Nilikaa sakafuni kitambo, Bosi akinivuta sikio.
Nikampigia binti. Akasema: Baba, kitoe humo ndani, nikirudi nisikikute.

Jumatano, 5 Machi
Tangazo lilisema wazi: kata wavu, vunja miguu, ndipo utupe. Nimeshika mkasi. Mkono umekataa. Miaka thelathini na minane tangu tuondoke kwetu, na katika kambi ya wakimbizi tulikuwa na sheria moja isiyoandikwa: ukihama, kitu kizima usikiharibu, unakiosha, unamwachia ajaye. Kikombe changu cha kwanza kule nilikikuta kimeoshwa, kimefunikwa kitambaa. Aliyekiacha sikumjua. Namwombea hadi leo.
Basi nimekiosha kizimba kwa sabuni, nikakikunja, nikakisimamisha kando ya mapipa. Juu yake nimeandika KIBOVU, kwa chaki.

Alhamisi, 6 Machi
Mvua usiku kucha. Saa mbili asubuhi nashuka — kizimba hakipo! Mfagiaji wa jengo akacheka: Mzee wangu, kitu kinang'aa vile kingelala nje? Kimebebwa na mama mgeni wa ghorofa ya nne, hana hata wiki hapa. Alishukuru, nusura alie.
Chaki. Mtu mzima na akili zangu — chaki!
Nikampigia binti kazini. Hakufoka. Afadhali angefoka. Alisema tu: Baba, wewe unayesoma kila kitu.
Nimepanda na Bosi mgongoni, magoti yakilalamika. Hodi! Nyayo zikaja, zikasimama nyuma ya mlango. Nikaeleza yote, mara mbili, kwa sauti. Mwanamke akajibu kuwa mwenyewe hayupo. Redio ikaongezwa sauti. Nikachana ukurasa wa daftari hili, nikaandika kwa herufi kubwa, nikaukunja, nikausukuma chini ya mlango. Umerudi vilevile, haujafunuliwa.
Simlaumu. Miaka yetu ya kwanza ugenini, karatasi chini ya mlango ilikuwa na maana moja: fungeni mizigo, mnafukuzwa. Mimi mwenyewe nilikuwa nikizirudisha.
Mfagiaji amekimbilia kwa msimamizi, kutafuta funguo. Nimekaa ngazini, naandika nikimsubiri. Bosi amesinzia begani. Redio imezimwa. Ndani nasikia wavu ukivutwa, ukiachiwa, ukivutwa — mtoto wake anajifunza kusimama. Anacheka. Nimegonga tena, kwa kiganja: Mwanangu, fungua, kizimba ni changu, kosa ni langu! Nyayo zimekuja hadi mlangoni. Zimesimama. Mtoto bado anacheka. Maadamu anacheka, reli bado imeshika —