Jiko la Kambini na Mkono Wangu Uliopanda

Jumatatu, 3 Machi

Nimepewa! Jedwali la kambi ni langu. Serikali ya Uingereza inataka kujua ile kambi ya jeshi lake kule kwetu Meru, Kenya, ibaki na wanajeshi wangapi, kwa gharama gani. Mapendekezo matatu kwa naibu waziri — mia tatu, mia mbili, au themanini. Lorraine, bosi wangu, anasema nahesabu haraka kuliko wote ghorofa nzima. Mimi Makena, mtoto wa Meru, kuipima kambi ya Meru! Nimeshuka treni Woolwich, hapa London, nikicheka peke yangu. Watu wamenipisha.

Jumanne, 4 Machi

Fomu ya kutangaza maslahi binafsi. Je, nina mzazi, mume, kaka au dada anayefanya kazi kambini? Evans anapika pale. Lakini Evans ni mtoto wa mama mdogo — Waingereza wangemwita binamu, na binamu hawamo kwenye fomu. Nimeweka tiki kwenye Hapana. Mama mdogo ndiye aliyenilea tangu mama afariki. Mimi na Evans tumekula sahani moja, na tumechapwa kwa fimbo moja. Hayo fomu haikuuliza.

Alhamisi, 6 Machi

Nimegundua kitu! Mpango wa zamani ulisema jiko lifungwe: wapishi thelathini na wanane, wote wenyeji, waachishwe, chakula kiletwe na kampuni ya nje. Eti ni nafuu. Nimehesabu mara nne. Malori, mafuta, friji — gharama inazidi kwa robo nzima! Jiko libaki, hata kambi ikipunguzwa. Lorraine alisoma akiwa amesimama, kisha akavuta kiti. Jumanne nitalieleza jedwali mwenyewe mbele ya naibu waziri.

Lazima ninunue viatu.

Jumapili, 9 Machi

Kanisani Lewisham sikusikia mahubiri, nilikuwa narudia tarakimu. Mchana Evans kapiga simu. Amefanywa mkuu wa jiko, mwenyeji wa kwanza! Mama mdogo alikuwa nyuma yake anaimba. Evans akaniuliza kazi inaendaje. Nikasema nzuri tu. Nina furaha, na siruhusiwi kusema neno kuhusu jedwali.

Jumanne, 11 Machi

Naandika nikiwa chooni, ghorofa ya tano. Mapumziko ya dakika kumi.

Jedwali limependwa! Naibu waziri alikuwa anaitikia kwa kichwa kila mstari. Kisha akauliza, kwa utani, kama kuna yeyote pale mezani aliyewahi kula chakula cha hilo jiko. Mkono wangu ukapanda wenyewe. Mdomo nao ukafuata: mimi nimekula, kaka yangu ndiye mkuu wa jiko.

Lorraine akaomba mapumziko.

Wahenga walisema mdomo huponza kichwa. Lorraine amenifuata kwenye korido na ile fomu mkononi. Hakukasirika, ndiyo mbaya zaidi. Amenieleza polepole: kama Evans ni kaka, natolewa kwenye kazi hii leo, jedwali langu linatupwa, mpango wa zamani unarudi na jiko linafungwa. Kama nilimaanisha binamu, niandike mstari mmoja, nisaini, turudi ndani.

Na si uongo! Kwa hesabu ya Waingereza ni kweli tupu. Watu thelathini na wanane wanabaki kazini. Evans mwenyewe angesema andika haraka, unangoja nini.

Lakini sijawahi kumwita binamu, hata mara moja. Siku ya kumzika mama kuna mzee aliuliza huyu msichana anayelia ni wa nani. Evans, miaka saba, akamjibu ni dada yangu, usimguse. Na mimi leo, ili nimwokoe, nimkane kwa saini?

Dakika zimekwisha. Lorraine anagonga, anauliza kama niko sawa. Nimesema nakuja. Karatasi yake iko juu ya goti, kando ya daftari hili. Nimeshaandika "Evans ni", basi.