Miwani ya Kahawia

Mabanga, Jumatano

Kumbe sijaisahau ile kazi. Daktari wa macho alinikataza jua, na leo mama muuza mitumba alinipa miwani nyeusi tititi. "Vaa hii, muzee, utafanana na komanda." Nikamwambia makomanda wametutosha.

Kabla vita havijatuhamisha nilibeba fimbo za gofu kwenye shamba la chai. Wachezaji walichagua miwani ya michezo yenye kioo cha kahawia, maana huonyesha mteremko wa nyasi. Tuliijaribu kwa kuinama na kutazama ardhi, jicho moja moja.

Leo, kwenye rundo la yule mama, nikaipata ya namna hiyo. Nikainama juu ya changarawe ya lava, nikafumba jicho la kushoto: kila jiwe na kivuli chake. Nikafumba la kulia. Ukungu mtupu.

"Iko na uchafu, papa, leta nipanguse," akasema mama. Alipangusa mara mbili. Kioo kilikuwa safi tangu mwanzo.

Nyumbani mke wangu alisema inanipendeza, kisha akanipa simu nimsomee ujumbe wa binti yetu aliyeko Bunagana. Yeye hajui kusoma. Niliusoma kwa jicho la kulia. Akaomba nirudie, na safari hii herufi zikaanza kucheza hata kwa jicho hilo.

Sijamwambia.