Mzee wa Mfano

Mdogo wangu Kiherehere,

Nakusalimu kabla hujaanza kunigombeza kwa kukaa kimya. Hujambo wewe na hayo magoti yako? Na shemeji yangu, bado anakoroma mpaka majirani wanadhani mmefungua mashine ya kusaga? Mwambie namkumbuka. Mimi ni mzima, ule uzima wa kizee: asubuhi kiuno, jioni macho, katikati namshukuru Mungu.

Umeniuliza kama ni kweli ulivyosikia redioni, kwamba wazee wa mji huu tumeongezeka na baraza la mji limetushika mkono. Kuongezeka tumeongezeka. Zamani mzee akipita njiani watu walimpisha; siku hizi tunapishana wenyewe kwa wenyewe, fimbo kwa fimbo. Na baraza halikulala. Lilituwekea mabenchi bustanini, mafupi hivi kwamba ukishakaa, kuinuka kwako ni mpaka apite mwenye huruma. Likatuandalia na semina ya kutufundisha tusianguke ovyo. Ilifanyika ghorofani huko juu, na lifti mbovu. Waliohitaji mafunzo walibaki chini. Waliofika juu hawakuyahitaji.

Ila jambo moja walilifanya ambalo sitalitukana. Walituletea mtu. Kila mzee anayeishi peke yake alipangiwa mgeni wa Alhamisi, aje kumjulia hali. Kwetu alipangwa mama wa makamo, mpole, miguu imevimba kwa kutembea. Ili wakubwa waamini kwamba amefika, ilibidi ampige mzee picha kwa simu, mzee akitabasamu, na aitume ofisini palepale. Ndiyo maana tukamwita Mama Picha. Muda aliopewa kwa kila mzee hautoshi kuchemsha yai, hata la kwale. Hujambo, sijambo, cheka, kwaheri. Jirani yangu wa ukuta kwa ukuta, Fundi Saa, unamkumbuka, yule wa miwani minene, alikuwa akimwambia kwamba katika saa zote alizotengeneza hajawahi kuona inayokimbia kama yake.

Fundi Saa alikufa mwanzoni mwa kiangazi. Sikukuandikia kwa sababu nilikosa mzaha wa kuanzia. Tulimzika sisi majirani, na Mama Picha alilia kutushinda wote. Baraza halikuja, kwa kuwa halikujua.

Sasa kaa kitako, mdogo wangu. Halikujua kwa sababu tulilificha, mimi na Mama Picha. Alhamisi iliyofuata alikaa ukingoni mwa kitanda changu akanieleza kwamba mzee akipungua katika eneo lake, na yeye anapunguzwa kazini. Niliingia chumbani kwa Fundi, nikavaa miwani yake na kofia yake ya sufu, nikakenua. Akapiga. Wazee tukishavaa miwani minene tunafanana kama viazi. Tangu siku hiyo nikawa natabasamu mara mbili, kichwa wazi kama mimi, na kofia kama marehemu.

Usidhani ilikuwa huruma tupu. Muda wa Fundi, Mama Picha aliumalizia kwangu. Alivua viatu, akanywa chai, akaniuliza ujanani nilimpenda nani, nami nikamdanganya vizuri sana. Waliosema kufa kufaana hawakukosea. Mimi ambaye Mungu alininyima mtoto akanipa ulimi, nilianza kuisubiri Alhamisi tangu Ijumaa.

Kosa langu ni kwamba nilizidisha. Kichwa wazi nilitabasamu nusu mdomo kama kawaida yangu, lakini nikiwa Fundi nilichekea kamera mpaka kule ofisini wakasema hapana mzee mwenye furaha kama huyu. Wakamteua Mzee wa Mfano, na meya akatangaza atakuja mwenyewe kumpongeza. Mama Picha aliniomba mara moja tu ya mwisho. Ningemkatalia vipi?

Meya unamjua, ni yule mtoto wa muuza mkaa. Nilimnyoa tangu kichwa chake kikiwa kikubwa kuliko kiwiliwili, miaka nenda miaka rudi, mpaka alipopata cheo akaanza kufuatwa na kinyozi mwingine nyumbani. Kovu lililo nyuma ya sikio lake tunalijua mimi na mama yake. Alipoinama kunikumbatia chumbani kwa Fundi, nililiona kovu lile pale pale nilipoliacha. Akasema, "Fundi Saa, wewe ni hazina ya mji huu." Nikangoja acheke. Alikuwa anatazama kamera.

Wakati huo karani wake alikuwa anagonga mlango wangu, na mimi nitatokea wapi? Tena alikuwa amesikia uvumi kwamba nyumba yetu ilitoa jeneza. Akamgeukia Mama Picha, amwambie aliyekufa ni nani. Nilimwona mama wa watu akinitazama, mkono wa meya ukiwa begani kwangu. Akasema, "Kinyozi." Basi, nikafa hapo, nikiwa nimesimama, na watu wanapiga makofi.

Mama Picha alipandishwa cheo kwa kumlea vizuri Mzee wa Mfano. Na kwa kuwa Fundi anajiweza hivyo, wakaamua hahitaji tena mgeni. Kinyozi naye ni marehemu, atatembelewa na nani? Alhamisi sasa ni kama Jumatano.

Nilikwenda ofisini kwao, ngazi kwa ngazi. Karani alinipa kiti, akanipa pole ya kufiwa na jirani. Nikamwambia kinyozi ndiye mimi, anipe wembe nimthibitishie. Akacheka mpaka machozi, akasema kweli Fundi ni mcheshi, akanionyesha ukutani picha yangu na meya. Nyuma ya kioo nilimwona Mama Picha, amekaa, feni inampuliza miguu. Akanitazama, kisha akainamisha uso. Sikumwita shahidi. Miguu ile naijua.

Nilipozidi kung'ang'ania, karani akasema nilete ndugu wa damu wa kunitambua. Mdogo wangu, katika hao umebaki wewe peke yako. Najua safari ni ndefu na magoti ni hayo. Usibebe kitu. Njoo tu unitazame usoni mbele ya watu wale, useme huyu ni kaka yangu.

Nisalimie wote wanaonikumbuka, na wasionikumbuka wasalimie pia, nimeshawazoea. Ila usikawie. Jana mtu aligonga mlangoni akaita Fundi, nikaitika.

Ni mimi kaka yako,
Kinyozi