Kilo Zangu kwa Mizani ya Chai

Oyugi, mimi sirudi tena kituo cha chai. Sirudi!

Unajua shokapu, ile springi ya mbele ya baiskeli yangu, inazama mpaka mwisho. Jana karibu initupe kwa mteremko wa Kiptere. Fundi Kepher akasema atapunguza vile inashuka, lakini kwanza nimpe kilo zangu za kweli.

Nikajining'iniza kwa mizani ya majani chai pale kituoni. Karani Christabel akasoma kwa sauti, foleni yote ikisikia: "Mia moja na kumi! Toa mbili za maji!"

Za maji, Oyugi, kama mimi ni gunia la majani mabichi!

Bibi yangu, naye kwa foleni, akadakia, "Baba Maxine, si uliniambia themanini?"

Nimemwandikia Kepher ukweli. Amejibu: "Basi mzee, shokapu haina makosa."