Wati Zangu Ziko Wapi?

3 Machi

Mdogo wangu,

Kama nilivyokuwa nakwambia kabla hujanikatia simu: kompyuta uliyonitengenezea ni takataka! Kwa vile simu zangu hupokei, soma karatasi. Hujambo lakini? Mgongo je? Sisi wazima, roho tu ndizo zinachemka.

Natengeneza video ya harusi. Bibi harusi kila akifika mlangoni pa ukumbi, pu! Giza. Nawasha, naanza upya, anafika mlangoni, pu! Huyu binti atajifungua kabla hajaingia ukumbini! Mama yake kahamia dukani kwangu, kakaa kwenye kiti cha wateja, mkoba mapajani, ananitazama tu. Nikamwambia ukweli: mdogo wangu kaniungia vyuma vya jalalani. Mama nimemwambia, shangazi nimemwambia. Fundi cherehani wa mlango wa pili sikumwambia, kasikia mwenyewe ukutani.

Dada yako

9 Machi

Dada, shikamoo. Mgongo mzima.

Mashine inazimika ikifika kwenye kazi nzito kwa sababu umeme hauitoshi. Ile kadi ya picha na prosesa vikikaza pamoja vinataka kama wati mia nne. Ndiyo maana nilifunga pawa saplai ya mia sita na hamsini, ibaki na nafasi ya kupumua. Na ukubwa huo usikutishe, mashine huvuta inachohitaji tu. Fungua ubavu, soma kibandiko cha hiyo pawa saplai, lile boksi linaloingia waya wa ukutani.

Mama kanipigia analia, eti nimekula jasho la dada yangu. Ungeniuliza kwanza ungepungukiwa nini?

Mdogo wako

13 Machi

Marahaba, mwongo we!

Nimefungua. Mia mbili na hamsini! Nimevaa miwani, nimevua, nimevaa tena: mia mbili na hamsini. Nikamwita shemeji yako asome. Akasoma, akakohoa, akatoka nje. Mtu mpole yule, kaona aibu kwa niaba yako. Shangazi nimeshampa namba zote mbili.

Dada yako, uliyemwibia

17 Machi

Dada,

Salamu sina. Ya mia sita na hamsini niliifunga kwa mkono wangu, na ubavuni nikaichora jicho jekundu, kama kila kazi yangu. Boksi lisilo na jicho si langu. Usiniandikie tena.

Fundi wa kompyuta

2 Mei

Mdogo wangu, wa tumbo moja,

Umenikataza kuandika, lakini mimi tangu lini nikakatazika? U mzima? Mimi kidole gumba cha mguu kimevimba, na ndicho kilichofichua mambo. Mlango wetu wa chumbani, huku nyuma ya duka, unazuiwa na kitu kizito kilichoviringishiwa kitambaa. Juzi nikajigonga, nikakipiga teke kwa hasira, kitambaa kikafunguka. Jicho jekundu likanitazama!

Shemeji yako! Si unajua mita ya umeme tunachangia na fundi cherehani? Huyo aliona kibandiko siku ile unafunga, akapiga kelele kwamba tunameza mia sita na hamsini kutwa nzima. Basi bwana mkubwa akatafuta boksi "lisilo na njaa", akalibadilisha mimi nikiwa sokoni. Nikamwambia, "Ile namba ni uwezo, si ulaji! Una kichwa kikubwa hivyo, mbona akili hutumii yote?"

"Nilitaka kukwambia," anasema, "hukunipa nafasi."

Kumbe siku ile namsomesha kibandiko alikohoa, nikamtukana mdogo wangu mbele yake, akakohoa tena! Sasa simpikii. Apunguze ulaji.

Nimeanza kuzunguka kulisafisha jina lako. Mama nimemwambia, akanisonya, akasema atakufikishia mwenyewe. Wengine wananichosha. Ulivyokuwa mwizi walivuta viti. Leo wewe ni msafi, kila mtu ana chungu jikoni! Shangazi kaniambia, "Aa, ile ya mwizi ilikuwa tamu zaidi." Nimetoka kwake nalia kwa hasira, na hasira yote ni juu yangu mwenyewe.

Boksi lako liko hapa mezani. Fundi wa mtaani kaja na bisibisi, nimemfukuza. Mama wa bibi harusi bado kakaa, nimemwambia mkono uliolifunga ndio utakaolifunga tena, ukitaka na usipo...

Ngoja. Fundi cherehani anagonga ukuta: "Mama Picha! Toka! Kuna mtu na mkoba wa vifaa, kakunja uso, hataki kiti, hataki maji, anauliza shemeji yake yuko wapi!"

Naye shemeji yako keshapitisha mguu mmoja dirishani. Naja! Naja, mshikeni hu...